Mzigo wa Kielelezo cha Nne

Kaka Idrisa,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi hivyo, lakini nimeianza barua hii mara nne kwa maneno ya adabu zaidi na mara zote nne nimeichana. Basi nimeona nianze na lile ulilolizoea. Ungeniitikia, "Marahaba, mpagazi," kwa sauti ya kusikika maabara nzima, na wenzetu wasiojua Kiswahili walidhani hicho ni cheo changu.

Mama yako ndiye aliyenituma niandike. Kuna jambo nilimweleza vuli hii, jambo nililokuwa nimelificha, na alipokwisha kunisikiliza alisema, "Mimi umeniambia. Yeye hujamwambia." Nikamjibu, lakini Mama, Idrisa amekufa. "Najua kafa, si mimi niliyemzaa? Mwandikie." Sasa theluji imeshaanguka na kila Ijumaa ananiuliza kama nimeandika. Nimechoka kumjibu bado.

Jambo lenyewe ni Kielelezo cha Nne. Nitafika. Niache nipite njia ndefu kidogo, maana ya mkato inanishinda.

Siku ya msiba wako nilifanya kazi yangu ya utani kama inavyotakiwa. Mzaramo akifa na Mnyamwezi yupo, Mnyamwezi hawezi kukaa kimya kana kwamba hajui wajibu wake. Niliichukua kofia yako pale juu ya kabati, nikaivaa, nikaketi kwenye kiti chako sebuleni, na nikawatangazia watu kwamba Mzaramo huyu hakufa kwa figo, amekufa kukwepa kusoma sura ya tano ya tasnifu yangu. Nikadai aamke asahihishe kwanza. Watu wa idarani waliokuja na maua walitazamana. Mmoja alitaka kunishika mkono anitoe nje. Mama akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Mwacheni, ndiyo kazi yake." Mtani ana ruhusa ya kumsema marehemu. Anachodaiwa ni kusema kweli ndani ya mzaha, na mimi siku hiyo nilikuwa na kweli moja ambayo sikuitoa.

Baada ya mazishi sheikh aliwakumbusha watu kwamba mtu akifa matendo yake yanakatika, isipokuwa machache, na mojawapo ni elimu aliyoiacha ikiwa bado inawafaa watu. Mama aliliokota neno hilo na hakuliachia. Siku chache baadaye akaniuliza, "Nitajuaje kama elimu ya mwanangu bado inafaa watu?" Mimi, kwa kutaka kumpoza, nikafungua kompyuta nikamwonyesha: kila mtafiti anayetumia makala yako humtaja mwandishi wake, na kila anayekutaja anahesabiwa. Hawa hapa, Mama. Huyu yuko Brazili, huyu yuko Japani. Akaichukua tasbihi yake, akasogeza punje moja kwa kila jina.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Ijumaa yetu. Nikimaliza kufundisha navuka mji mzima wa Toronto, kutoka Mount Dennis hadi kwenu Scarborough, mabasi mawili na treni, na bahasha ya karatasi zilizochapwa imebanwa kwapani. Mkeo, mama yake Salha, huwa zamu hospitali. Mama ananingoja na chai ya tangawizi na haanzi kunywa mpaka nimesoma. "Wamesema nini?" Namwambia: huyu anasema njia ya Idrisa imemsaidia kuiona mishipa ya damu kwenye kompyuta. "Alhamdulillahi," na punje moja inakwenda. Tasbihi ya punje tisini na tisa, Kaka, ilizunguka mara tatu na ikaanza ya nne. Hata wewe usingeamini. Uliwahi kuniambia makala zetu husomwa na wahakiki wawili na mama zetu, na mama zetu hawajui Kiingereza.

Na karibu wote walikuwa wanaitaja makala ile moja. Ile ya moyo.

Unakumbuka majira yale? Baba yako alikuwa amefariki ukaenda Kisarawe kumzika, na siku ya mwisho ya kupeleka makala ikaangukia katikati ya matanga. Ukaniachia picha nizimalize. Kazi yenyewe ilikuwa safi: kuchukua namba za kipimo cha moyo na kuzigeuza kuwa picha ambayo daktari anaweza kuizungusha na kuichungulia ndani. Namba ndogo kijivu chepesi, namba kubwa kijivu kilichokolea, ngazi kwa ngazi, zote sawa kwa sawa. Ulikuwa mkali juu ya hilo. "Rangi isiseme ambalo namba haikusema." Ulinirudishia picha kwa sababu hiyo mara ngapi? Nilikuwa nakuigiza ukitoka chumbani.

Ile ya nne ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa imepooza kama uji usio na sukari. Saa nane mchana, saa tatu zikiwa zimebaki, nikaondoa kijivu chako nikatia rangi zote, kutoka buluu mpaka nyekundu. Halafu, pale kwenye msuli wa moyo, nikazibana ngazi. Tofauti ndogo ya namba ikawa mruko kutoka kijani kwenda nyekundu. Mstari ukajitokeza, mwembamba, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa kalamu. Nilipouona nikapiga makofi peke yangu.

Nikakutumia. Ukaandika kutoka mgahawa wa intaneti mjini, mstari mmoja tu, maana watu walikuwa wanakusubiri: "Ngazi ziko sawa kwa sawa?"

Nikajibu, "Ziko sawa."

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilitaka kukufurahisha ukiwa msibani. Si kweli. Nilitaka picha yangu ing'ae. Wewe ukaniamini, ukaongeza aya ile ya mwisho, kwamba njia yetu imeonyesha mpaka kati ya msuli mzima na msuli uliochoka, mpaka ambao picha za zamani hazikuuonyesha. Hazikuuonyesha kwa sababu haukuwepo.

Kisha likaja suala la majina ya waandishi. Sheria ya maabara yako ilikuwa kwamba aliyechora ndiye anayetangulia, mwalimu anakaa mwisho. Mimi nikakataa. Kwetu mkubwa ndiye anayetangulia mlangoni. Nitawezaje kuandika jina langu mbele ya lako wakati hata mchanga wa kaburi la baba yako haujakauka? Tulibishana kwa simu mpaka salio lako likaisha. Mwishowe ukacheka. "Haya, mpagazi. Kiongozi wa msafara atatangulia, wewe njoo nyuma na mzigo." Kwa heshima ile makala ikaitwa, kwa jina lako la ukoo, Kibwana na wenzake, popote duniani. Mwenzako nilikuwa mmoja. Nikakaa ndani ya neno "wenzake" kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia.

Miaka miwili baadaye figo zikakushinda, na mimi nikapata kazi kwa makala hiyo.

Uliponilea hukunifundisha uongo. Nataka hilo liwe wazi kabla sijaendelea.

Mwezi wa pili mwaka huu, kwenye bahasha ya Ijumaa, kulikuwa na makala ya kijana mmoja wa mbali aliyeandika kwa adabu sana: tumejaribu kuuona mpaka wa Kielelezo cha Nne cha Kibwana na wenzake, hatukuuona. Nilikuwa nimeichapa bila kuisoma. Nikafika hapo nikakwama. Mama akangoja, punje iko kati ya vidole. "Wamesema nini?" Nikasema, wanasema wameitazama picha yake. Akashukuru Mungu, akasogeza. Lakini Salha alikuwa kwenye kochi na simu yake, na unamjua Salha: Kiswahili anakisikia chote, hujibu Kiingereza. Alinyoosha shingo akasoma karatasi iliyokuwa mkononi mwangu. "So Baba was wrong?"

Eti baba yake alikosea. Nilikunja karatasi nikasema chai inapoa.

Mwezi wa tano mkutano mkubwa wa fani yetu ukafanyika hapahapa Toronto, hotelini katikati ya mji. Dada mmoja mwenye sauti nzuri alizungumzia picha zinazodanganya. Akatoa Kielelezo cha Nne, kikajaa ukuta mzima. Chini yake: Kibwana na wenzake. Akabonyeza kitufe, rangi zangu zikaondoka, kijivu chako kikarudi, ngazi sawa kwa sawa, na mstari ukapotea mbele ya macho ya watu wote. Ukumbi ukacheka. Haikuwa chuki, ni kicheko cha watu wanaoshukuru kwamba si wao. Nilikuwa safu ya sita. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Nikacheka nao, Kaka. Kidogo tu, kwa pua. Hili nakwambia wewe peke yako. Mama hajalisikia.

Ijumaa ile niliisoma hesabu kama kawaida. Ilikuwa imepanda, na iliendelea kupanda kiangazi chote, maana mashine ya kuhesabu haijui sifa na lawama. Kutajwa ni kutajwa. Waliokuja kukusuta walihesabiwa pamoja na waliokuja kukushukuru, na mama yako akiwashukuru wote kwa Mungu. Nilimtazama akisogeza punje kwa ajili ya watu waliokuwa wanamtukana mwanawe, na nikanywa chai yake.

Nakumbuka ulivyoitundika picha ile sebuleni, kwenye fremu, juu ya televisheni, ukisema huu ndio moyo pekee Mzaramo aliowahi kuufanyia kazi badala ya kuupeleka ngomani. Ijumaa moja ya mwezi wa tisa niliingia nikakuta msumari mtupu. Mama akasema, "Salha kaitoa. Nimemuuliza, kanyamaza." Fremu ilikuwa imesimamishwa nyuma ya kochi, uso umeelekea ukutani. Huyo mtoto alikuwa amebeba aibu ya baba yake kimyakimya tangu mwezi wa pili, na aibu yenyewe ilikuwa yangu.

Nilirudi nyumbani nikaandika masahihisho. Nikampelekea kwanza mkuu wa idara, kwa kuwa kamati ya kuamua kama nitaajiriwa moja kwa moja ilikuwa karibu kukaa, na nusu ya faili langu ni makala hiyo. Alinishauri kwa upole ningoje. "Miezi miwili tu, Nyamizi. Marehemu hana haraka." Sikulala vizuri wiki hiyo, nakiri, maana nilitaka sana kumtii. Kisha nikayatuma kwa jarida. Kamati imeahirisha shauri langu bila kusema mpaka lini, na watu wawili niliokuwa nakula nao chakula cha mchana sasa hula mapema. Huenda mwakani sitakuwa na wanafunzi. Naogopa, Kaka. Sina kazi nyingine ninayoijua.

Ijumaa iliyofuata sikupeleka orodha. Nilipeleka karatasi moja. Nikamsomea Mama polepole, natafsiri neno kwa neno: kosa la Kielelezo cha Nne ni langu peke yangu, mimi ndiye niliyezibana ngazi za rangi, mwandishi wa kwanza, marehemu Idrisa Kibwana, aliniuliza kabla ya makala kutoka, nami nikamjibu uongo, njia aliyoibuni ni sahihi na haihitaji mstari ule.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku niliyoichora, Mama."

Akaiweka tasbihi juu ya goti. Salha alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Nikamgeukia nikamwambia kwa Kiingereza, pasiwe na shaka, kwamba baba yake aliniuliza nikamdanganya. Alisema "Okay," akaingia ndani na kufunga mlango, wala hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

"Soma tena," Mama akasema. Nikasoma. "Tena." Mara ya tatu sauti yangu ilikatika na hakunisaidia. Halafu akaishika tasbihi akanionyesha. "Zitoe."

"Zipi, Mama?"

"Zote zilizokuja kwa ajili ya ule mstari. Mwanangu hatakula thawabu za uongo wa Mnyamwezi." Nikangoja kama kuna mzaha ndani yake. Haukuwemo. Akanipa koti langu mwenyewe, kitu ambacho hajawahi kukifanya, na mlangoni akasema, "Sijakusamehe. Ijumaa uje, na makaratasi yote."

Basi hicho ndicho tunachofanya sasa. Tumerudi mwanzo. Nachukua kila makala iliyowahi kukutaja, naisoma yote, kisha namwambia Mama kama mwandishi alitumia njia yako au aliufuata mstari wangu. Kama ni mstari, punje inarudi. Imerudi mizunguko miwili mizima na bado tunaendelea. Wengi walikuja kwa sababu ya wekundu ule. Makala yako walikuwa hawajaisoma hata nusu. Nilidhani Mama ataumia kuona hesabu inashuka. Anaumia, lakini hasimami. Wiki iliyopita zilirudi nyingi mfululizo, akafumba macho, akasema, "Endelea," na nikaendelea.

Salha sasa anakaa nasi. Hakuna aliyemwita. Alianza kwa kunisahihisha Kiingereza changu, kisha akawa ananinyang'anya karatasi na kusoma yeye. Ijumaa iliyopita alikutana na makala moja ya hospitali ndogo ya mbali ambako mtu alichukua ngazi zako za kijivu, akaacha rangi zangu zote, akapima mioyo ya watoto. Alikuwa ameandika sentensi moja kuhusu picha za njia yako. Salha aliisoma kimya. Halafu hakunipa nitafsiri. Alimgeukia bibi yake, akahangaika kutafuta maneno, uso umemwiva. "Bibi. Picha ya Baba… si nzuri sana. Lakini si mwongo."

Mama hakusema Alhamdulillahi upesi kama siku zote. Alimtazama mjukuu wake kwanza. Kisha akasogeza punje moja mbele.

Nimechapa kile kielelezo upya, kwa kijivu, saizi ileile ya fremu yako. Kiko juu ya meza yenu ndani ya bahasha tangu wiki mbili zilizopita. Hakuna aliyeniambia nikitundike na mimi sijauliza.

Kofia yako ninayo bado. Nilikuwa niirudishe baada ya arobaini, kama mtani mwenye adabu, nikajisahaulisha.

Kwa heri, Mzaramo. Ulisema utatangulia mimi nije nyuma na mzigo, na nilichofanya ni kukutwika wewe ukiwa umenipa kisogo. Nimeushusha kichwani kwako. Makaratasi yakiisha na theluji ikiyeyuka, nitakuja kaburini na zile makala zilizobaki, hata zikiwa kumi, nikusomee moja moja, na barua hii kabla ya zote. Hiyo ni ahadi, na shahidi ni mama yako.

Kesho ni Ijumaa. Nitamwambia kwamba nilicheka pale ukumbini.

Mpagazi wako,
Nyamizi